Sheria ya teknolojia: wanasheria wa Dodoma wanahitaji uzamili au mafunzo endelevu?

Katika muda wa miaka kumi na mitano hivi, Bunge linalokaa hapa Dodoma limetunga sheria za teknolojia kwa kasi ambayo vyuo vyetu vya sheria havikuimudu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ilikuja mwaka 2010. Mwaka 2015 peke yake ulileta Sheria ya Makosa ya Mtandao, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, kisha ikafuata Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwanasheria aliyehitimu shahada ya kwanza mwaka 2009, ambaye leo ndiye mwandamizi anayeongoza wenzake ofisini, hakufundishwa darasani hata moja kati ya hizo.

Kwa hiyo hakuna anayebishana kwamba wanasheria warudi kusoma. Ubishi uko kwenye namna ya kurudi. Wapo wanaosema njia ya heshima ni shahada ya uzamili katika sheria ya teknolojia ya habari na mawasiliano, na wapo wanaosema mafunzo endelevu ya siku moja au wiki moja yanatosha, kwa kuwa wakili mwenye mashauri mezani hawezi kuyaacha mwaka mzima. Hapa Dodoma suala hili lina uzito wake. Tangu Serikali ihamie, wanasheria wa wizara wamejaa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, Mahakama ya Tanzania imepata makao makuu yake mapya yaliyozinduliwa Aprili 2025, na ofisi za mawakili wa kujitegemea zimeongezeka mjini. Msimamo wangu ni kwamba pande zote mbili zina hoja, lakini zinazungumzia wanasheria tofauti wenye kazi tofauti, na kosa kubwa ni kuwapa wote dawa ya aina moja.

Chukua jambo ambalo wakili yeyote wa madai hapa amekutana nalo. Mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa anamdai mnunuzi wake, na makubaliano yote ya bei, idadi ya magunia na siku ya malipo yako WhatsApp. Wakili anamwambia alete ushahidi. Mteja anapiga picha za skrini, anazituma kwenye namba ya mwenye steshenari iliyo karibu na mahakama, mwenye steshenari anazikuza kidogo ili zisomeke, anazichapa, na karatasi hizo ndizo zinazoambatanishwa kwenye hati ya madai. Katika hatua hizo chache picha imebanwa na kupoteza taarifa zake za asili, imepitia kwenye simu na kompyuta ya mtu ambaye hakuna aliyefikiria kumwita atoe ushahidi, na jina linaloonekana juu ya mazungumzo ni lile ambalo mteja mwenyewe aliliandika alipohifadhi namba, wala si jina lililosajiliwa kwenye laini. Shauri linapofika kusikilizwa, simu yenyewe imeshauzwa au imeharibika.

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, kama kilivyotungwa mwaka 2015, kinaitaka mahakama inapopima uzito wa ushahidi wa aina hii iangalie kama namna ujumbe ulivyotengenezwa, kuhifadhiwa na kuwasilishwa inaaminika, namna ukamilifu wake ulivyolindwa, na namna aliyeutuma alivyotambuliwa. Karatasi za steshenari zinayumba katika yote matatu, na mteja mwenye haki yake anaweza kushindwa kwa sababu hiyo tu. Kuliepuka hilo hakuhitaji uzamili. Kunahitaji siku moja ya mafunzo mazuri, ambapo wakili anashika simu mkononi na kuoneshwa namna ya kuonesha namba badala ya jina, namna ya kutoa mazungumzo yote yakiwa faili moja, kwa nini mteja aambiwe tangu siku ya kwanza asifute wala kuuza simu, nani anapaswa kula kiapo kuhusu uchapaji, na wakati gani wa kuiomba mahakama iagize kampuni ya simu ilete taarifa za usajili. Mafunzo ya namna hiyo yakifanyika mara mbili kwa mwaka mjini Dodoma, na mara moja Kondoa na Mpwapwa, yatabadilisha mashauri mengi kuliko shahada kumi.

Tatizo ni kwamba mafunzo endelevu hayafanyiki hivyo kila mara. Chama cha Mawakili wa Tanganyika kina utaratibu wa mafunzo hayo unaohesabiwa kwa alama, na utaratibu wenyewe ni mzuri kwa kuwa bila sharti wengi wetu tusingehudhuria. Lakini alama hupima kuhudhuria. Mtu anaweza kukaa ukumbini tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, akasikiliza mada tatu zinazosomwa kutoka kwenye slaidi, akasaini karatasi ya mahudhurio na kurudi ofisini bila kujua kutofautisha picha ya skrini na faili la asili. Mtoa mada naye mara nyingi ni mwanasheria mwenzake aliyevisoma vifungu vilevile. Fundi wa mifumo, mchunguzi wa vifaa vya kielektroniki au mtu wa kampuni ya simu haonekani ukumbini, wakati hao ndio wanaojua kinachotokea ndani ya mtambo ambao sheria inauzungumzia.

Watetezi wa uzamili hapa wana hoja ya kweli: yapo masuala ambayo hata semina bora haiyafiki. Mfano ni mikopo ya mtandaoni. Mwalimu wa Chamwino anapakua programu kwenye simu, anaipa ruhusa ya kusoma orodha ya majina yake, anakopa fedha kidogo, na akichelewa siku mbili, mkuu wake wa shule, shemeji yake na wazazi wa wanafunzi wanapokea ujumbe kwamba yeye ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, hatua iliyoonesha tatizo lilivyoenea. Mteja huyo akiingia ofisini, wakili anapaswa kuona kwa pamoja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kuhusu leseni, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu uhalali wa kukusanya majina ya watu wa tatu ambao hawakukubali lolote, na Sheria ya Makosa ya Mtandao kuhusu ujumbe wenyewe. Anapaswa pia kuamua aanzie wapi kati ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Benki Kuu, polisi na mahakama ya madai, na afanye nini iwapo mmiliki wa programu hana ofisi nchini. Hapo kujua vifungu hakutoshi. Panahitajika uelewa wa kwa nini sheria hizi zipo na zinagusana wapi, na uelewa huo hujengwa kwa kusoma polepole, kuandika na kusahihishwa.

Uhitaji huo ni mkubwa zaidi kwa wanaoandika sheria na kuzitetea. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Tito Magoti dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, iliona kwamba baadhi ya vifungu vya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi havikuwa wazi kiasi cha kuendana na Katiba, ikaipa Serikali muda wa kuvirekebisha. Sheria ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianze kutumika. Simlaumu mwandishi wa sheria, kwa kuwa kuainisha kwa maneno machache ni lini taarifa za mtu zinaweza kukusanywa bila yeye kujua ni kazi ngumu popote duniani. Lakini mtu aliyekaa miezi kadhaa akilinganisha kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika mwaka 2018 na sheria za Kenya na Uganda za mwaka 2019 angekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuuona utata huo mapema. Kwa wanasheria wa Mtumba, basi, uzamili ni zana ya kazi, na Serikali ingepaswa kuulipia kama inavyolipia zana nyingine.

Hata hivyo, watetezi hao wanapita haraka mno juu ya udhaifu wa shahada yenyewe. Ada ni kubwa kwa wakili anayeanza. Masomo mengi ya aina hii yamejengeka Dar es Salaam, ingawa Chuo Kikuu Huria kimesaidia wanaosomea mikoani. Tasnifu huchukua muda, na sheria inaweza kubadilika kabla haijatetewa. Zaidi ya hayo, mtu anaweza kuupata uzamili wa sheria ya teknolojia kwa kusoma maandishi matupu, bila kuwahi kuona kumbukumbu za seva wala kuelewa hashi, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili, ni nini na inathibitishaje kwamba faili halikuguswa. Shahada ya namna hiyo ina kasoro ileile ya semina ya slaidi, isipokuwa ni ndefu na ghali zaidi.

Upande wa mafunzo endelevu hupenda kukumbusha kwamba mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank Tanzania dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara ilipokea taarifa za benki zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta, miaka saba kabla Sheria ya Ushahidi haijaongezewa kifungu kuhusu ushahidi wa kielektroniki katika mashauri ya jinai. Hoja yao ni kwamba akili nzuri ya kisheria inajitosheleza. Mimi nauona uamuzi ule kwa jicho jingine: Jaji Nsekela, aliyeliamua shauri hilo, alifika pale kwa kurudi kwenye misingi ya ushahidi na kuuliza inalinda nini, na kurudi kwenye misingi ndiko kunakokosekana katika semina zetu.

Dodoma ina nafasi ambayo miji mingi haina. Chuo Kikuu cha Dodoma kina Shule ya Sheria, na kina pia ndaki ya kompyuta inayojulikana kama CIVE. Kozi fupi za jioni au za Jumamosi, zikifundishwa na mwanasheria na mtaalamu wa mifumo wakiwa darasa moja, zikiishia kwenye jaribio la faili halisi la shauri badala ya karatasi ya mahudhurio, zingeweza kuhesabiwa kwanza kama mafunzo endelevu na baadaye, kwa anayetaka, kama sehemu ya uzamili. Wakili wa kujitegemea angesoma anachokihitaji mwaka huu, na mwanasheria wa wizara angeendelea hadi mwisho. Jambo hili linahitaji makubaliano kati ya chuo, Chama cha Mawakili na waajiri wa Serikali, na ugumu wake ni wa kiutawala zaidi kuliko wa kitaaluma.

Bado kuna kundi ambalo mjadala huu hulisahau, nalo ni mahakimu wa wilayani. Mahakama imepiga hatua kubwa katika kufungua mashauri kielektroniki, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko Lushoto kwa ajili ya mafunzo, lakini hakimu wa Manyoni anayeletewa simu kama kielelezo cha wizi wa fedha za mtandaoni ana haki ya kupata mwongozo kabla ya kesi hiyo, si baada ya rufaa. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, ilhali vitabu na mihadhara ya sheria ya teknolojia karibu vyote viko kwa Kiingereza. Anayeandaa kozi hizo Dodoma angefanya vema kuanza na kitini cha Kiswahili kuhusu namna ya kupokea, kuhifadhi na kupima kielelezo cha simu, kikapelekwa Manyoni, Kondoa na Kongwa hata kabla dirisha la udahili wa uzamili halijafunguliwa.