They ya mtu mmoja

Katika barua ya Kiingereza niliyopewa niitafsiri kulikuwa na mtu, tumwite Alex, na kila alipotajwa tena mwandishi aliandika they, yaani wao. Nikadhani wako wawili. Nikarudi juu kuwahesabu: alikuwa mmoja, asiyejitambulisha kuwa mwanamume wala mwanamke, hivyo he (yeye wa kiume) na she (yeye wa kike) zote hazimfai. Kwa Kiswahili tatizo likayeyuka. "Alex alisema atachelewa." Kiambishi a- hakimuulizi mtu jinsia.

Kwa hiyo wanaolalamika kwamba they huvuruga idadi nawaelewa, maana nimevurugika mwenyewe. Wanaodai kuwa ni uharibifu wa sarufi ulioletwa na vijana wa juzi ndio siwaelewi. Kamusi ya Oxford imeifuatilia they ya umoja hadi mwaka 1375. Hata you, inayomaanisha wewe leo, ilikuwa ya wingi. Ya umoja, thou, ilijifia na hakuna aliyeiwekea matanga. He ya kumtaja mtu yeyote, awe mwanamume au mwanamke, ndiyo iliyopigiwa debe, hadi Bunge la Uingereza likapitisha mwaka 1850 kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanajumuisha wanawake. Wanawake walipodai kura kwa kifungu hicho, mahakama mwaka 1868 iliwagomea: neno man la sheria ya uchaguzi haliwahusu. Kujumuishwa gani huko?

Jipya hasa ni kuitumia kwa mtu ambaye jina lake linajulikana. Merriam-Webster, watunga kamusi wa Marekani, waliiingiza maana hiyo kamusini mwaka 2019, na kwangu mimi kumwita mtu anavyotaka kuitwa ni adabu tu. Ninaposita ni pale ofisi inapomtaka kila mfanyakazi aandike viwakilishi vyake, he, she au they, chini ya barua pepe. Aliye bado hajawaambia wenzake kuhusu jinsia yake abaki na mawili: aseme uongo au ajianike. Mwenye kutaka aandike, asiyetaka aachwe.

Halafu kuna wanaoamini kwamba kiwakilishi kikirekebishwa watu watapokewa. Hao ningewaleta kwetu. Yeye yetu haijawahi kumbagua mtu, lakini kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichorithiwa kwa Mwingereza na kinachotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, bado kina kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ya Nairobi ilikibakiza mwezi Mei 2019.

Na Kiswahili chenyewe hakina usafi ninaokisifia. Pwani, mwanamke akimwita mwenzake shoga, ni rafiki wa kufa na kuzikana. Mwanamume akiitwa hivyo, ametukanwa. Nilipofika aya ya mwisho ya barua ile, mwandishi alisema Alex aliingia kwenye ndoa mwaka jana. Kalamu ikagoma. Alioa? Aliolewa? Jinsia iliyokosekana kwenye kiambishi ilikuwa inanisubiri ndani ya kitenzi. Baada ya dakika kumi nikaandika "alifunga ndoa", nikaendelea.