Nilivyoikana Kongwa Nikifuata Kikapu

Kabla sijaanza, ieleweke kwamba mimi ni mzaliwa wa Kongwa, hapahapa mkoani Dodoma, baba Mgogo, mama Mgogo, na pasipoti sijawahi kuwa nayo maana sijapata pa kuipeleka. Sijivuni. Najitetea.

Kujitolea kwangu kulianza 9 Desemba 2015, mwaka ule sherehe za Uhuru zilipositishwa tukaambiwa nchi nzima ifanye usafi. Mtaani kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma, watu walitoka, wakazibua mtaro, wakapiga picha, wakarudi ndani. Mimi fagio nililoshika halikuwa langu na mwenyewe sikumwona, nikabaki nalo. Jumamosi iliyofuata nikafagia tena huku nikimsubiri. Hakutokea. Basi, ndivyo nilivyogeuka mhamasishaji wa usafi. Baadaye nikaongeza na miti: nilipanda miche 40 kando ya korongo, na mbuzi wa mtaa nao wakajitolea kuila.

Siku moja mwenyekiti wa mtaa akanipigia. "Ndugu yangu, Jumamosi uvae vizuri. Wanaojitolea wanapewa tuzo. Kuna cheti na kikapu."

Cheti hakuna aliyekisikia. Mke wangu alisogeza sikio kwenye simu, akauliza ndani ya kikapu kuna nini. Sukari, mchele, mafuta na zabibu. "Zabibu tutagawana," akaniambia, "lakini mafuta uyashike kwa mikono miwili."

Ambacho mwenyekiti hakusema ni kwamba asubuhi hiyohiyo, chini ya turubai hilohilo, kulikuwa na wageni waliokubaliwa uraia wa tajnisi, yaani kuwa Watanzania kwa kuomba, na walikuwa wanakula kiapo. Nadhani waandaaji waliona viti vimeshakodiwa na mgeni rasmi ni yuleyule, bora wayamalize yote kwa pilau moja.

Nilifika kwa bajaji, nimevaa suti ya shemeji, mtu anayenizidi urefu kwa kichwa kizima. Upepo wa Dodoma ulishaipaka vumbi ikawa rangi ya bia. Akina mama wa muheme walikuwa wamebana ngoma zao magotini wanazipiga kama wanazidai. Binti wa mapokezi akanipigia kelele sikioni: "Baba, wewe wa kiapo?"

"Ndiyo mwanangu, wa kikapu!"

Akaitazama suti, akanibandika utepe wa bluu, akanipeleka mstari wa mbele. Sijawahi kukaa mstari wa mbele hata kwenye msiba wa kwetu.

Jirani yangu alikuwa sista mzee wa Kiitaliano.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mbukwenyi!" Kigogo chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. "Umesubiri muda mrefu, mwanangu?"

"Tangu 2015."

"Pole. Na kwenye usaili walikuuliza nini?"

"Waliuliza fagio ni la nani."

Akanitazama kidogo, akaendelea kwa upole. Yeye walimtaka awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka kumi iliyotangulia awe amekaa isiyopungua saba. Tena awe na tabia njema, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Nikatikisa kichwa. Kumbe wenzangu wamesota hivi kwa ajili ya sukari na mchele, mimi nimepita kwa mtaro mmoja!

"Kilichoniuma ni kuiacha ile ya kwetu," akasema, akifuta macho. "Lakini sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima awe nazo mbili."

"Sista, usilie," nikamwambia. "Hata kimoja kinatosha kama kimejaa."

Tukaambiwa tusimame, mkono wa kulia juu. Nikasema moyoni, hii tuzo wameipania. Tukarudia maneno baada ya afisa, mimi nikiyasema kwa sauti kubwa ili mke wangu, aliyekuwa nyuma na mfuko wa akiba, anione. Tulipofika kwenye "ninaukana uraia wangu wa", kipaza sauti kikaanza kupitishwa. Sista akasema Italia. Mwingine Burundi. Mwingine India. Kikanifikia mdomoni, kijana aliyekishika akaninong'oneza, "Taja unakotoka, mzee."

Swali hilo nalijua. "Kongwa!"

"Kongo!" akadaka mshereheshaji. "Karibu sana ndugu yetu wa Kongo!" Vigelegele vikapasua turubai. Wa muziki naye, kwa ukarimu wake, akaweka rumba.

Nilipoketi ndipo lile neno "ninaukana" likaanza kuniingia, polepole, kama mlenda unavyoshuka. Kongwa, jamani! Waingereza walikuja pale 1947 na matrekta yao kulima karanga, ilipofika 1951 wamefunga virago, na hata wao hawakuapa kuikana. Miaka ya 1960 wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini walipewa kambi palepale, wakatoka kwenda kukomboa kwao. Aliyekuja kuikana hadharani, mkono juu, ni mimi niliyezikiwa kitovu huko.

Tukaingizwa chumba cha pembeni kutia saini. Afisa akapitisha kalamu kwenye orodha mara mbili.

"Jina lako silioni. Kongo ipi, ya Kinshasa au Brazzaville?"

"Kongwa ya Kibaigwa."

"Hiyo Kibaigwa ya Kongo iko mkoa gani?"

"Dodoma."

Akaweka kalamu chini. Akaomba kitambulisho, nikampa cha taifa. Akakigeuza huku na huku. "Mzee, wewe ni raia."

"Nilikuwa. Mpaka saa nne na robo."

Alicheka mpaka akaegemea kabati. Na hapohapo, kupitia dirishani, nikasikia jina langu. "Mhamasishaji wa usafi, Chang'ombe! Yupo? Hayupo?" Nikakimbilia mlangoni. Mgambo akaweka rungu katikati. "Hatoki mtu bila kusaini."

"Mimi sisaini, mimi ni wa kikapu!"

"Wote mmekula kiapo, nimewaona."

Mwenyekiti akapokea kwa niaba yangu. Kilinifikia jioni: sukari ipo, mchele upo, mafuta yapo, zabibu zimebaki vikonyo. Alisema zabibu hazistahimili joto. Vijana wa bodaboda walishaanza kuniita Mkongo, na mmoja akaniuliza kama naweza kumfundisha Kilingala.

Saa mbili usiku simu ikaita. Mama, kutoka Kongwa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Nimesikia umetukana."

"Hapana mama, sijamtukana mtu yeyote!"

"Sijasema umemtukana mtu. Nimesema umetukana. Sisi. Mimi, marehemu baba yako, na wilaya nzima." Akanyamaza kidogo. "Na lile gunia lako la karanga nimeshampa jirani. Wewe subiri za Kongo."