Waliolala mlimani usiku wa sensa

Ukimwambia mtu wa Dar kwenu ni Dodoma, hana haja ya kuuliza zaidi. Tayari ameona tambarare, vumbi, mibuyu, mashamba ya zabibu na jengo la Bunge. Kwetu nako ni Dodoma, ila mwezi wa saba tunalala na sweta. Ni milima ya Irangi, wilayani Kondoa, mwendo wa kilomita 160 hivi kaskazini ya jiji, kwenye ile barabara ya Babati iliyozinduliwa mwaka 2018. Kabla ya lami safari hiyo ilikuwa inakula siku. Siku hizi unakunywa chai Dodoma, mchana unakula Kondoa.

Ugomvi wangu ni na hesabu moja tu, ile inayopendwa kwenye kila ripoti: watu kadhaa kwa kilomita ya mraba. Wanachukua idadi ya watu wa wilaya, wanaigawa kwa eneo lote, wanaandika jibu. Jibu hilo huwa dogo, maana kwenye kugawa wameingiza mapori, miamba, mito ya mchanga na miteremko ambayo hata mbuzi anaipita kwa kufikiri. Watu wenyewe wamebanana migongoni mwa milima na mabondeni, kwenye vipande vyenye udongo na maji. Nenda Haubi, Mnenia au Kalamba uone nyumba zilivyofuatana na mashamba yalivyokatwa vipande. Halafu usome kwenye karatasi kwamba wilaya bado ina nafasi.

Kubanana huku hakukuanza jana. Ardhi yetu nyekundu ilichoka zamani: kilimo, mifugo na miti iliyokatwa vilifungua njia, mvua ikamalizia. Wakoloni walihangaika nayo, na Serikali ya uhuru ikaleta mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 ikatoka amri kwamba mifugo yote iondoke kwenye eneo lililomomonyoka. Mtu na ng'ombe wake, ondoka, au mpeleke ng'ombe kwa ndugu huko chini. Wazee wakilizungumzia hilo hata leo sauti inabadilika. Lakini nitasema ukweli hata kama kuna mjomba atakayenuna: milima ilirudi kuvaa majani. Baadaye ng'ombe nao walirudi, safari hii bandani, wakikatiwa majani na kuletewa maji. Iliyobaki kama kovu ni makorongo.

Korongo la kwetu nalijua vizuri. Agosti 2022 nilikuwa kwa bibi siku ya sensa, nikamsindikiza karani. Kijana wa watu alikuwa na kishikwambi chake kwenye mkoba na viatu vya mjini. Tulipomaliza nyumba ya bibi akaniuliza inayofuata iko wapi, nikamwonyesha. Iko pale ng'ambo, unaona mpaka kanga zilizoanikwa, ukiita kwa nguvu unaitikiwa. Akatabasamu. Tukashuka kwa matako, tukishika makonge yaliyopandwa ukingoni, tukavuka mchanga, tukapanda upande wa pili tukishika mizizi. Tulifika baada ya dakika 40. Hapo ni kiangazi. Kati ya Desemba na Aprili maji yakishuka humo hakuna wa kuvuka, mgonjwa wala mwanafunzi.

Sera inasema zahanati kila kijiji, na ni sera nzuri, siipingi. Ila kijiji kikiwa juu ya migongo miwili ya mlima yenye korongo katikati, zahanati moja inahudumia mgongo mmoja. Mgongo wa pili una zahanati ya kutazama. Kwenye takwimu wote wameshapata huduma.

Na hapo sijagusa nani hasa alihesabiwa. Sensa yetu huhesabu waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia siku yenyewe, na 2022 ilikuwa usiku wa kuamkia 23 Agosti. Agosti milimani ni mwezi wa nani? Mavuno yameshaingia ghalani, mbaazi za kuuza zimeuzwa, vijana wamesambaa. Wengine wako Babati na Kiteto, ambako Warangi wamekuwa wakihamia kufuata ardhi kwa miaka mingi. Wengine wako jijini kwenye ujenzi. Mkoa wa Dodoma ulitoka watu 2,083,588 mwaka 2012 hadi 3,085,625 mwaka 2022, zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi, na tangu Serikali ihamie jijini zege halijapumzika. Wanaolibeba zege hilo baadhi yao mahindi yao yako huku kwetu, na mvua ikikaribia wanarudi kushika jembe. Wakirudi wanakula, wanaugua, wanapeleka watoto shule hapa hapa. Mimi naona mipango ya wilaya za milimani ingeuliza na swali la Januari, wakati kila mtu yuko shambani.

Nyumbani kwa bibi mambo yalikwenda hivi.

"Shikamoo bibi. Usiku wa kuamkia leo walilala wangapi hapa?"

"Marahaba mwanangu. Tuko watano."

"Watano wote walilala hapa?"

Bibi akaanza kuwataja. Wajomba zangu wawili na binamu zangu wawili, ambao ndio wanaolima lile shamba la bondeni na kumkatia ng'ombe majani. Karani akamweleza kwa upole kwamba hao watahesabiwa huko huko waliko. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akaninyooshea kidole.

"Basi mwandike huyu. Amekuja juzi na basi."

Nikaandikwa. Mimi ninayepanga chumba Dodoma mjini, ambaye jembe nalishika siku za picha, nikawa mtu wa pili wa kaya ile.