Eti "Mbona Halii?"

Juzi kwenye grupu la familia imedondoka klipu ya sekunde 14, mama kafiwa na mtoto, anahojiwa, kasimama mkavu anajibu maswali moja moja. Juu wamebandika kwa herufi nyekundu: MAMA HUYU ANAFICHA NINI? Dakika tano hazijaisha, binamu yangu ambaye rimoti tu inamshinda keshakuwa mpelelezi: "Huyo kaua, angalieni macho."

Kinachoniudhi zaidi ni hiyo alama ya kuuliza. Mwandishi hajasema kitu jamani, kauliza tu! Jibu tunampa sisi, bure, na hela ya matangazo anakula yeye.

Na msiniambie ni mambo ya simu. Agosti 1980, Australia, Lindy Chamberlain alikuwa kapiga kambi na familia yake karibu na Uluru, kichanga chake Azaria, wiki tisa tu, kikatoweka hemani. Akapiga kelele kwamba dingo, yule mbwa mwitu wa kule, kambeba. Kwenye TV hakulia walivyotaka watu, basi ikawa kosa. Magazeti yakachambua mpaka nguo zake, na kwa vile alikuwa Msabato ukazuka uvumi eti jina Azaria maana yake ni kafara ya nyikani, uongo mtupu, ila nani alikuwa na muda wa kuuliza? 1982 akahukumiwa maisha na kazi ngumu, eti kamuua mwanawe, ana mimba, akajifungulia kifungoni. Ile "damu" waliyodai ni ya mtoto, kwenye gari lao, iliyomponza ikaja kugundulika sehemu yake kubwa ni dawa tu ya kuzuia kelele iliyopuliziwa kiwandani. 1986 kikoti cha mtoto, kile mama alichosema tangu mwanzo kwamba alikivaa, kikaokotwa kulekule Uluru ndo wakamtoa, 1988 hukumu ikafutwa, na mpaka mchunguzi wa vifo atamke rasmi kwamba ni dingo ilikuwa 2012. Miaka 32! Walioandika vile vichwa vya habari sijui walikuwa wapi siku hiyo.

Sawa, nakubali, kuna maovu yasingejulikana bila waandishi wabishi. Haya, nimekubali, tuendelee.

Mimi baba alipofariki sikulia. Nilikuwa na karatasi mkononi, nahesabu viti, napigia simu watu wa gari, na kuna shangazi nilimsikia kabisa akinong'ona "huyu hana uchungu." Wiki tatu baadaye nikafungua droo natafuta betri, nikakuta miwani yake, kioo kimoja bado kina alama ya kidole gumba. Nililia pale sakafuni mpaka kwikwi. Hakukuwa na kamera.

Niliwaandikia kwenye grupu, "Mna uhakika gani?" Nikajibiwa na vikatuni vitatu vya kucheka. Ila niseme ukweli, kabla ya kuandika vile nilikuwa nimeirudia klipu mara mbili. Nilikuwa naangalia macho.