Matone ya seramu kwa macho: nani atayapata Nyanda za Juu Kusini?

Kutibu macho kwa matone yaliyotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe ni jambo linaloshtua likisikika mara ya kwanza, ingawa madaktari walikwisha kuyatumia kwa macho makavu tangu mwaka 1984. Damu huchukuliwa, huachwa igande, kisha huzungushwa kwenye mashine hadi seramu, yaani majimaji ya manjano, ijitenge; seramu hiyo huchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali, mara nyingi ibaki asilimia 20, ikagawanywa katika vichupa. Ndani yake mna vitamini A na protini zinazochochea seli kukua, ambazo machozi asilia yanazo na ya dukani hayana.

Wanaoitetea tiba hii wana hoja nzito pale kidonda cha konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kinapogoma kufunga licha ya dawa nyingine zote. Kwa macho makavu, mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikuta majaribio machache na madogo, yenye dalili za unafuu katika wiki 2 za mwanzo na mashaka baada ya hapo. Anayewashwa macho kwa upepo wa Makambako hana sababu ya kutolewa damu.

Kisha kuna uhifadhi. Matone haya hayana kemikali ya kuzuia vijidudu, na protini zake ni chakula kizuri cha bakteria, hivyo kichupa kinachotumika hukaa kwenye jokofu na vingine hugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Baridi ya Makete, hata ile ya Julai inayogandisha umande, haiwezi kuwa friza.

Lakini ugumu mkubwa zaidi ni VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa Njombe, kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Tanzania. Mkanda wa jeshi ukilipata jicho huweza kuitia ganzi konea hadi vidonda vyake vigome kupona, na kotrimoksazoli, dawa ya kukinga maambukizi, huweza, mara chache, kuunguza ngozi na macho; yote mawili huwaandama zaidi wenye VVU. Vituo vingi duniani huwakataa hao hao, kwa hofu ya kichupa kuangukia mikononi mwa mtu mwingine. Hofu hiyo ina msingi, ila kuwafungia mlango kabisa ni kuwanyima tiba wanaoihitaji kuliko wengine.

Kwa maoni yangu, hospitali ya rufaa ya kanda, Mbeya, ingeweza kuanza na wagonjwa wachache wenye vidonda sugu, na wenye VVU wapewe seramu ya mchangiaji aliyepimwa. Ni kweli kwamba damu ya kuchangia ni haba na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kusubiri. Hata hivyo, chupa moja ya damu hutoa matone ya miezi kadhaa, na daktari wa macho anaweza kusubiri wiki ambayo benki ya damu ina akiba.