Mkoba mtupu hautibu

Habari inasema wahudumu wa afya ya jamii watafundishwa kutibu maradhi ya kawaida vijijini, na tayari kuna wanaobeza eti ni "madaktari wa kubahatisha". Jamani, nimonia ya mtoto haihitaji profesa kuigundua. Mhudumu anamfunua kifua akiwa ametulia, anahesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 50 kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 kwa aliyetimiza mwaka lakini hajafika mitano, anaanzishiwa antibiotiki ya amoksilini. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, ni rufaa, hakuna mjadala. Hilo linafundishika hata kwa aliyeishia shule ya msingi.

Ninachoogopa mimi ni yale yanayofuata vyeti vikishagawiwa. Mkoba wa dawa hauna hata chumvichumvi ya kumnywesha anayeharisha, msimamizi haonekani, posho ni ahadi. Shirika la Afya Duniani lilishashauri mwaka 2018 kwamba watu hawa walipwe kulingana na uzito wa kazi yao. Anayezunguka nyumba kwa nyumba kutwa nzima, shamba lake analilima nani? Mwandishi wa habari hiyo angetudokeza pia nani atajaza huo mkoba.