Kidevu changu, mkono wako

Umekaa mbele ya kamera, taa zimekuelekea usoni. Mpiga picha anachungulia, anatikisa kichwa, kisha anakujia. Hujajua bado anataka nini, vidole vyake viko chini ya kidevu chako, vinakigeuza. Picha huenda ikatoka nzuri sana. Lakini wapo ambao wakiitazama picha kama hiyo miaka mingi baadaye, wanachokumbuka ni vile vidole.

Wapiga picha wanaotetea kumpanga mtu kwa mkono wana hoja, na si ya kubezwa. Maneno hukwama. Mwambie mtu ageuke kushoto, atakuuliza kushoto kwako au kwangu. Mwambie ashushe bega moja, atashusha yote mawili na kichwa juu yake. Maelezo yakirefuka uso unachoka, tabasamu linakuwa la kubandika. Na fani yenyewe ilikulia humo: katika miaka ya 1840, mtu alipotakiwa kutulia tuli kwa sekunde nyingi ili picha ishike, studio zilikuwa na vibano vya chuma vya kukishikilia kichwa kwa nyuma.

Hoja hiyo naikubali nusu. Inachosahau ni hali ya aliye upande wa pili wa lenzi. Ameambiwa asitikisike. Hajioni, anayemwona ni mwenye kamera peke yake, na ndiye anayeaminika kujua kipi kinapendeza. Kwa mtu aliye hapo, kusema "usinishike" ni kazi nzito, hata kama yeye ndiye aliyelipa. Kwa hiyo kimya chake si ridhaa. Mpiga picha anadhani ana mteja mtulivu, kumbe mteja ameganda.

Basi aombe ruhusa? Ndiyo, ila inategemea anaombaje. Ukisema "samahani, nikurekebishe" huku mkono umeshafika, hujaomba, umetoa taarifa. Swali liulizwe mapema, kamera ikiwa bado begani: "Mkao ukihitaji kurekebishwa, nikuelekeze kwa maneno au nikushike? Kwangu yote sawa." Hapo anayekataa hamkatizi mtu kazi. Na aliyeruhusu kola iwekwe sawa hajaruhusu kiuno.

Nyingi ya safari za mkono, kwa maoni yangu, ni uvivu wa kuelekeza. Simama mbele yake, ukae wewe mkao unaoutaka, naye akuige kama anajitazama kwenye kioo; mjadala wa kushoto na kulia unakwisha. Unywele umeanguka shavuni? Mwambie, ana mikono. Hijabu na mkufu vilevile.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka kugusa kupigwe marufuku kabisa. Asiyeona hawezi kuiga mkao wako. Mzee huenda akahitaji kushikwa ili akae vizuri kitini. Na wapo watu ambao maelekezo ya mdomo huwachosha, wanakwambia wenyewe, "Nipange tu." Kuwanyima hao msaada wanaouomba si heshima.

Linalonisumbua zaidi ni mipaka inayovukwa bila mkono wowote. Kampuni ya majarida ya mitindo ya Condé Nast ilipotoa kanuni zake mwaka 2018, wakati wanamitindo wakijitokeza hadharani kueleza walivyonyanyaswa kazini, iligusa hata mikao: picha za utupu au zenye kuashiria ngono zikubaliwe na mwanamitindo mapema. Nje ya ulimwengu wa mitindo, wapenzi huamriwa wabusiane mbele ya wakwe, wafanyakazi huambiwa wakumbatiane, na msichana huambiwa "vuta tumbo ndani" mbele ya watu wote. Hakuna aliyeguswa, na mpiga picha anayejisifu kwamba hashiki mtu anaweza kufanya haya yote kutwa nzima bila kushtuka.

Hapa ndipo ningependa skrini ya kamera itumike zaidi. Mwonyeshe picha ya kwanza, ukae kimya kidogo. Bega lililopanda ataliona, kola iliyojikunja ataiona, na mkao asioutaka ataweza kuusema, kwa sababu sasa naye anaona unachokiona.